Begi la mgongoni la kazi na safari: la dukani, la mtumba, la turubai au la nailoni nzito?

Begi la kazini jijini Nairobi halipumziki. Asubuhi linapakatwa kwenye matatu ya Rongai au Githurai likiwa na laptopu, chaja, chupa ya maji na kontena la chakula. Mchana linakaa sakafuni chini ya meza. Jioni linanyeshewa kati ya ofisi na steji, na mwisho wa mwezi linavutwa kutoka kwenye buti ya basi la Kisumu au Meru likiwa limejaa vumbi. Uzito wa mzigo wa kawaida ni rahisi kuhesabu: laptopu ya inchi 15.6 pamoja na chaja ni kilo 2.3 hivi, lita moja ya maji ni kilo 1, chakula robo tatu ya kilo, mwavuli na sweta karibu kilo nyingine. Hapo umefika kilo 5 kabla hujaweka kitabu. Kilo hizo zinaning'inia kwenye mishono miwili ya juu, kila mmoja mfupi kuliko upana wa kiganja.

Ndiyo maana tunalinganisha mabegi kwa swali moja: litaachia wapi kwanza, na likiachia, fundi wa kando ya barabara anaweza kulirudisha kazini? Rangi, chapa na idadi ya mifuko havina uzito huo.

Mjini utakutana na aina nne. Ya kwanza ni begi jipya la poliesta, lile la bei nafuu linaloning'inizwa milangoni mwa maduka kuanzia River Road na Nyamakima hadi Eastleigh. Ya pili ni mtumba wa nailoni wa masoko ya Gikomba au Toi, mara nyingi wa chapa za ng'ambo kama JanSport na Eastpak. Ya tatu ni begi la turubai la pamba linaloshonwa hapa nchini, kwa kawaida likiwa na vipande vya ngozi. Ya nne ni begi jipya la nailoni nzito, linalopatikana katika maduka ya vifaa vya safari na ya kamera au kuagizwa mtandaoni.

Kwa maoni yetu, mtu anayeweza kutenga nusu saa ya kukagua apate mtumba wa nailoni. Kwa bei yake hakuna kinachoufikia. Asiyeweza kukagua, au anayebeba vifaa vya thamani kubwa kila siku, ajikaze anunue nailoni nzito mpya. Turubai tunalipenda, ila lina masharti. Poliesta ya bei nafuu inafaa watu wachache kuliko wale wanaoinunua.

| | Poliesta mpya | Mtumba wa nailoni | Turubai | Nailoni nzito mpya |
|---|---|---|---|---|
| Bei ya kukadiria (shilingi) | 1,000–2,500 | 500–2,000 | kuanzia 3,500 hivi | kuanzia 8,000 hivi |
| Uzito likiwa tupu | gramu 500–700 | gramu 500–900 | kilo 1.1–1.6 | gramu 900–1,400 |
| Huachia wapi kwanza | mkanda wa juu, kisha zipu | kichwa cha zipu, tabaka la ndani | pembe za kitako, ngozi | klipu, vichwa vya zipu |
| Mvua kubwa ya dakika 20 | maji hupita mishononi na zipuni | maji hupita mishononi na zipuni | hulowa lote | maji hupita zipuni zaidi |
| Kushonwa upya | vigumu, kitambaa kinafumuka | rahisi | rahisi sana | rahisi kwa mashine nzito |

Mkanda wa juu

Fungua zipu kubwa, geuza sehemu ya juu ya mgongo nje, tafuta pale mkanda wa begani unapoingia kwenye begi. Katika mabegi mengi ya bei nafuu mkanda unaishia papo hapo kwenye mshono, umeshonwa mstari mmoja, na ncha yake inatokeza milimita 4 au 5 tu upande wa ndani. Mstari huo ndio unaobeba kila kitu. Ukilirusha begi begani kwa mkono mmoja, kama wengi wafanyavyo wakishuka matatu kwa haraka, uzito wote pamoja na kishindo chake huangukia mkanda mmoja. Uzi wenyewe hukatika mara chache. Kinachofumuka ni kitambaa: nyuzi zake huteleza moja moja kutoka kwenye mshono, na siku utakayogundua, fundi hana tena mahali pa kushonea. Atalazimika kuingia ndani zaidi ya begi, mkanda mmoja uwe mfupi kuliko mwenzake, na mgongo wako utalijua hilo kabla ya wiki kuisha.

Begi lililoshonwa vizuri huingiza ncha ya mkanda ndani kwa sentimita 2 hadi 3, hushonwa mraba wenye msalaba katikati, huongezewa mishono mifupi iliyosongamana pembeni, kisha ukingo wote hufunikwa kwa utepe. Hesabu mishono pia. Mitatu hadi minne kwa sentimita moja inatosha. Ikiwa miwili, mshono unaacha nafasi na mkanda unacheza. Ikizidi sita, sindano imetoboa kitambaa mpaka kimekuwa kama ukingo wa stempu, na kitachanikia hapo hapo.

Shuka chini. Mkanda mwembamba wa kurefusha na kufupisha, kwa kawaida wa milimita 20 au 25, usiwe umeshonwa moja kwa moja kwenye mshono wa ubavu. Tafuta kipande cha kitambaa chenye umbo la pembetatu: mkanda unaingia kwenye ncha yake, na upande wake mpana, sentimita 8 hivi, ndio unaoshonwa kwenye begi. Pembetatu hiyo hutawanya uzito. Begi lisilo nayo linaweza kuwa la mtoto wa shule ya msingi, ila si la mtu mzima mwenye laptopu.

Halafu minya sponji ya mkanda kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikikutana kana kwamba hapana kitu katikati, sponji hiyo italala baada ya wiki chache na mkanda utaanza kukata bega. Sponji nzuri ni ngumu kidogo, unene wa milimita 8 hadi 12, na mkanda una upana wa sentimita 6 au 7. Mkanda mpana kupita huo huwasumbua wenye mabega membamba kwa sababu unasugua shingo.

Zipu

Nyuma ya kichwa cha zipu, upande unaogusa meno, huwa kuna namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo inakaribiana na upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita. Mfuko mdogo wa nje unaweza kuwa na namba 3. Mfuko mkubwa usikubali chini ya 5, na kama begi ni la kusafiria, 8 au 10 ndiyo yenyewe. Usidanganywe na nembo iliyochapwa kwenye kishikio, kwa kuwa kishikio hubadilishwa kwa sekunde. Tazama kichwa chenyewe. YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, hupiga chapa yake hapo, ingawa nembo hiyo nayo hughushiwa. Zipu inayokwama ukiwa bado dukani ni mbovu hata ikiandikwa nini.

Kwa begi la kila siku tunapendelea zipu ya uzi wa nailoni uliosokotwa, ile isiyo na jino moja moja. Inapinda vizuri kwenye kona, na ikiachana katikati, mara nyingi ukirudisha kichwa hadi mwanzo na kukivuta tena inashikana. Zipu ya meno makubwa ya plastiki huvumilia vumbi zaidi, lakini jino moja likitoka, zipu nzima imekwisha. Ya chuma ni nzito na hushika kutu.

Kinachochakaa kwanza karibu kila mara ni kichwa. Vumbi la barabarani huingia ndani yake, husugua kuta zake, na mdomo wa nyuma hupanuka kiasi kwamba meno yanapita bila kubanwa. Utaona zipu inafunga kisha inaachia nyuma ya kichwa. Usikimbilie kubadilisha zipu nzima. Rudisha kichwa hadi mwanzo wa zipu, chukua koleo, bana kidogo kingo mbili za ncha ile ambayo meno hutokea yakiwa yameshikana, upande wa kushoto kisha wa kulia, ukijaribu kila baada ya kubana. Ukibana kwa nguvu mara moja, aloi inapasuka. Baada ya kubanwa mara mbili tatu kichwa hakifai tena. Hapo fundi akuwekee kipya cha namba ile ile, na utepe wa zamani ubaki kama bado ni mzima. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Ili isifike huko, piga zipu mswaki mkuukuu mara moja kwa mwezi, kisha paka mshumaa kwenye meno. Mafuta ya kupikia hulainisha kwa siku mbili, baada ya hapo hunasa vumbi na kugeuka matope.

Kitambaa na namba zinazochanganya

Lebo husema denia 420, 600, 1000 au 1680. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inakuambia unene wa uzi basi. Nailoni nzuri ya denia 420 inaweza kuishi kuliko poliesta hafifu ya denia 600, na kuna poliesta ya denia 1680 yenye ufumaji mkubwa unaovutia macho ambayo hufumuka kwenye mishono kama nyingine yoyote. Nailoni hushinda poliesta kwa kuvumilia msuguano: sakafu ya matatu, saruji ya steji, ukuta wa lifti. Poliesta nayo huvumilia jua zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu ni kali kuliko baridi yake inavyokufanya udhani. Nailoni iliyoning'inizwa juani miezi na miezi hupoteza nguvu hata kama haijabebwa. Mtu wa boda anayeshinda nalo juani ana sababu ya kweli ya kuchagua poliesta nzito.

Geuza kitambaa uone upande wa ndani. Kuna tabaka jembamba la poliyurethani linalozuia maji. Tabaka hilo huoza taratibu kwa joto na unyevu: kwanza linanata, kisha linatoa harufu ya kuchachuka, mwisho linabanduka vipande vyeupe vinavyoshika kila nguo. Likishaanza kunata halirudi. Mabegi ya bei ya chini kabisa hutumia tabaka nene la plastiki ya PVC badala yake. Hilo hunuka plastiki likiwa jipya na hupasuka kwenye mikunjo.

Poliesta ya dukani inamfaa nani?

Inamfaa mwanafunzi wa chuo anayebeba daftari na tableti, au mtu anayetaka begi la muda. Ni jepesi, hukauka haraka na rangi zake ni nyingi. Kwa kilo 5 za kila siku hesabu yake haikai vizuri. Tuseme begi la shilingi 1,500 limedumu miezi minane: umelipa karibu shilingi 190 kwa mwezi. La shilingi 6,000 likidumu miaka mitano ni shilingi 100 kwa mwezi, na njiani hujawahi kuokota laptopu barabarani kwa sababu mkanda umeng'oka.

Ukiamua kulinunua, lipeleke kwa fundi kabla halijabeba chochote. Mwambie akushonee mraba wenye msalaba kwenye ncha zote nne za mikanda kwa uzi mnene wa nailoni, na upande wa ndani aweke kiraka cha kitambaa kigumu cha sentimita 6 kwa 6. Ni gharama ndogo, na huongeza maisha ya begi kuliko kitu kingine chochote utakachokifanya.

Kuhusu yale yenye tundu la USB ubavuni: ndani hamna betri. Ni waya tu wa kuunganisha pawabenki yako na nje, na tundu lenyewe ni mlango wa maji. Usilipie zaidi kwa ajili ya hilo.

Kukagua mtumba, hatua kwa hatua

Nenda sokoni asubuhi, mabelo (marobota ya mitumba) yanapofunguliwa, kabla walioamka mapema hawajachagua yaliyo bora. Beba rula, tochi ya simu, chupa ndogo ya maji na kipande cha kadibodi ulichokikata kwa kipimo cha laptopu yako. Laptopu yenyewe iache nyumbani.

Anza na lebo iliyoshonwa ndani ya ubavu. Ikisema “Nylon” au “Polyamide”, hicho ndicho kitambaa unachokitafuta. Chapa kubwa nazo hushona poliesta, kwa hiyo jina la mbele halikutoshi. Kisha ingiza pua ndani na kunusa. Harufu ya kabati kuukuu itatoka kwa kuosha. Harufu ya kuchachuka pamoja na kunata maana yake tabaka limeoza, na hapo rudisha begi hata kama nje linameremeta.

Ingiza mkono mpaka kwenye pembe za kitako huku ukimulika tochi kutoka nje. Vitundu vya mwanga vinakuonyesha kitambaa kilikosugulika. Vitundu viwili vitatu vinazibwa kwa kiraka. Pembe yote ikiwa nyeupe, achana nalo. Dondosha maji kidogo juu ya kitambaa. Yakinywewa mara moja, dawa ya nje ya kufukuza maji imeisha, jambo la kawaida kwa mtumba. Kinachokuhusu ni kama upande wa ndani umebaki mkavu baada ya dakika moja.

Sasa zipu. Vuta kila moja nenda rudi mara kadhaa, hasa kwenye kona. Halafu mwombe muuzaji akujazie begi kwa nguo au viatu vilivyo karibu, ufunge tena. Zipu nyingi zinazopita vizuri begi likiwa tupu huachia likijaa. Likiwa bado limejaa, lishike kwa mkanda mmoja na ulitingishe juu chini, jicho likiwa kwenye mshono. Ukiona mstari wa kitambaa unafunguka na kufunga, au uzi unameta ndani ya ufa, jua kazi ya fundi inakusubiri na upatane bei kwa kuzingatia hilo.

Rangi iliyopauka mabegani na juu, huku chini bado ikiwa kamili, ni dalili ya jua. Kwaruza uzi wa mshono wa juu kwa ukucha. Ukikatika au ukitoa unga, usilichukue. Mwisho chomeka kadibodi kwenye mfuko wa laptopu. Waranti ndefu za kampuni za ng'ambo zisikushawishi kulipa zaidi: begi lenyewe ungelazimika kulisafirisha kwa gharama yako, na kuchakaa kwa kawaida mara nyingi hakumo.

Turubai la pamba

Turubai zuri la mabegi lina uzito wa gramu 400 hadi 600 kwa mita ya mraba. Halifumuki ovyo, linashonwa na karibu fundi yeyote mwenye mashine imara, na likizeeka linapendeza. Kwa sababu hushonwa hapa, unaweza kuagiza lako: mfuko wa laptopu wa kipimo chako, kitako cha safu mbili, mkanda mrefu zaidi. Ukiagiza, taja uzi. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na mvua. Taka wa poliesta au nailoni. Taka pia ncha za mikanda zipite ndani sentimita 3, na ribiti (vifungo vya chuma vinavyogongwa) ziwe nyongeza juu ya mshono, zisiwe badala yake, kwa sababu ribiti peke yake huchana turubai kwa kuzunguka kwenye tundu lake.

Masharti ndiyo haya. Ni zito: linaweza kufika kilo moja na nusu kabla ya kutia kitu. Hunywa maji, na likilowa mwezi wa Julai, wakati wa baridi na mawingu, linaweza kuchukua siku mbili kukauka. Likifungiwa kabatini na unyevu huota madoadoa meusi ya ukungu yasiyotoka. Turubai lililopakwa nta hupunguza tatizo hilo, mradi urudie nta likianza kunyonya maji. Rangi nayo huhamia kwenye shati jeupe: kabla ya kulipa, lowesha kitambaa cheupe na usugue mgongo wa begi. Ngozi ipakwe mafuta yake kila baada ya miezi michache, la sivyo hupasuka pale inapokunjwa, na ikipasuka ipeleke kwa fundi wa ngozi wa soko la Kariokor, si kwa fundi wa nguo, kwani mashine ya nguo haina nguvu ya kupita safu zile.

Anayeendesha gari lake au anayeishi karibu na kazi atalifurahia miaka mingi. Anayetembea kutoka Railways hadi Upper Hill mwezi wa Aprili ajipange.

Nailoni nzito mpya

Nailoni ya Cordura (chapa ya kitambaa kigumu) ya denia 500 au 1000, zipu namba 8 au 10, mishono iliyofunikwa utepe, klipu zisizovunjika kwa kukanyagwa mara moja. Kwa anayebeba kilo 7 au zaidi kila siku, kamera, vifaa vya ufundi au laptopu mbili, pesa inarudi. Dosari moja haitajwi dukani: denia 1000 ni kitambaa cha kukwaruza, na hutoa vinyweleo kwenye sweta na suti pale kinapogusa mgongo na nyonga. Kwa mtu wa ofisi, denia 500 inatosha na ni laini zaidi.

Ukubwa

Kwa kazi pekee, lita 20 hadi 24. Begi la sentimita 46 kwa 30 kwa 18 lina ujazo wa karibu lita 25 kwa hesabu ya sanduku. Ukitoa pembe zilizopinda na sponji unabaki na 22 hivi. Kipimo cha kuangalia zaidi ni unene. Likizidi sentimita 20, halipakatiki vizuri kwenye matatu ya abiria 14, na abiria wa kando atakuwa na la kusema.

Anayesafiri kila mwezi achukue lita 26 hadi 28 zenye mikanda ya kubana ubavuni, abane siku za kazi na kulegeza siku za safari. Lita 40 kwa kazi ni kosa: nafasi tupu hujaa vitu, na mzigo mdogo ndani ya begi kubwa huanguka chini na kuvuta mabega nyuma.

Mfuko wa laptopu uwe umening'inia, yaani usifike kitakoni. Ingiza kiganja mpaka mwisho wake, mkono mwingine ukiwa chini ya begi nje. Kati ya mikono yako pawe na pengo la sentimita 2 au 3. Pasipokuwa na pengo, kila ukitua begi sakafuni, pembe ya laptopu ndiyo inayogonga.

Mvua, wezi na boda

Hakuna kati ya haya manne linalozuia maji ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, wala ya vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa muda mrefu. Maji hupita kwenye matundu ya sindano na zipuni. Zamani watu walitandika mfuko wa plastiki ndani. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo nunua mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, wa lita 10, utie laptopu na karatasi. Unafanya kazi kuliko kifuniko cha nje. Kifuniko huacha mgongo wazi, na kwenye boda upepo hukivua.

Mjini, hasa mtaa wa Tom Mboya na pembeni mwa jengo la Archives saa ya jioni, begi livaliwe kifuani au liwe na zipu kubwa inayofungukia upande wa mgongo. Vichwa viwili vya zipu vinavyokutana juu katikati ndivyo rahisi kufunguliwa nyuma yako. Viegemeze vyote chini ubavuni, karibu na mkono wako. Kwenye boda, mkanda wa kifuani una faida kuliko kufuli, kwa kuwa unazuia begi kuyumba dereva akikata kona.

Safari ndefu

Kwenye buti ya basi begi hubanwa, hupakwa grisi na kufunikwa vumbi. Laptopu ikae nawe, begi likae miguuni. Katika stesheni ya treni ya SGR ya Syokimau mizigo hupangwa chini ili mbwa wainuse na kisha hupita kwenye mashine, kwa hiyo begi lenye kitako kigumu linalosimama lenyewe ni raha, na vitu vya thamani viwe mfuko wa ndani. Wanaoruka kutoka uwanja wa Wilson kwa ndege ndogo za mbugani wajue kwamba mashirika mengi yamezoea kikomo cha kilo 15 na mizigo laini isiyo na magurudumu. Hapo begi la mgongoni linashinda sanduku. Kwa ndege yoyote, pima begi likiwa limejaa, mifuko ya nje ikiwemo, halafu soma tiketi yako.

Kwa safari tunapendelea zipu inayofika nusu ya ubavu. Inayofungua begi lote ni tamu hotelini, lakini ni ndefu, huchakaa mapema, na ukitafuta chaja ndani ya matatu kila kitu kinamwagika.

Kuosha

Usitie begi kwenye mashine ya kufulia. Maji ya moto na kuzungushwa hubandua tabaka la ndani kabla ya wakati wake. Kung'uta, vuta vumbi pembeni kwa brashi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka povu liishe, kisha ning'iniza kichwa chini, zipu zote wazi, kivulini penye upepo. Mchuzi ukimwagika, osha siku hiyo hiyo. Mafuta yakilala usiku kucha kwenye sponji ya mgongo hayatoki. Na ukiona uzi mmoja umechomoza kwenye mkanda wa juu, usiuvute. Ukate kwa mkasi, uuchome ncha kwa kiberiti kama ni wa nailoni au poliesta, na wiki hiyo upitie kwa fundi.